Dharura, Maambukizi na Sheria: Maarifa Ambayo Muuguzi Hapaswi Kuyaacha Yachakae

Katika zahanati, vituo vya afya na hospitali nyingi za Tanzania, mtu wa kwanza kumpokea mgonjwa aliyezidiwa, na usiku mara nyingi mtaalamu pekee aliye karibu na kitanda chake, ni muuguzi. Daktari huitwa na gari la wagonjwa huagizwa, lakini dakika zinazoamua iwapo mgonjwa atafika mikononi mwa daktari akiwa hai hupita mbele ya macho ya muuguzi. Ndiyo maana mafunzo ya uuguzi yamejengwa juu ya nguzo tatu ambazo mhitimu anatakiwa kuzirejea maisha yake yote ya kazi, nazo ni kukabili dharura, kukinga na kudhibiti maambukizi, na kutimiza wajibu uliowekwa na sheria. Vyuoni nguzo hizo hufundishwa kama masomo matatu yenye vitabu vyake na mitihani yake, na pengine kwa sababu hiyo wengi huziona kuwa mambo yasiyohusiana. Wodini hazitengani: muuguzi anayezuia damu ya mama aliyejifungua hufanya hivyo akiwa amevaa glovu zinazomlinda yeye na mama, na saa anayoiandika kwenye jalada baada ya kuchoma dawa ndiyo itakayomwongoza mwenzake wa zamu inayofuata, na ndiyo itakayomtetea iwapo ataulizwa alichofanya. Makala haya yanazipitia nguzo hizo ili kuonyesha kwamba ni maarifa ya aina moja, kwamba huchakaa yasipotumiwa, na kwamba kuyahuisha ni wajibu wa muuguzi na vilevile wa yule anayemwajiri.

Kinachoua haraka hushughulikiwa kwanza

Kanuni kuu ya huduma ya dharura ni kwamba kinachoua haraka zaidi hushughulikiwa kwanza, hata kama sicho kinachoonekana zaidi au kinachopigiwa kelele zaidi. Kutokana na kanuni hiyo, wauguzi hufundishwa mpangilio wa hatua tano: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, hali ya fahamu, na hatimaye kumfunua mgonjwa na kumkagua mwili mzima huku akikingwa na baridi. Mpangilio huo unafuata namna mwili unavyokufa, kwa kuwa ubongo uliokosa oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika chache, ilhali mfupa uliovunjika unaweza kusubiri. Majeruhi wa bodaboda anayeletwa akiwa amevunjika mguu, mfupa umechomoza nje, huvuta macho ya kila mtu kwenye mguu huo, na ndugu waliomleta hutaka ufungwe mara moja. Muuguzi aliyefunzwa vizuri hukandamiza damu inayoruka kama ipo, kwa kuwa nayo huua haraka, kisha husikiliza pumzi, kwa sababu mkoromo wa mtu asiye na fahamu humaanisha kwamba ulimi umeanguka nyuma na kuziba koo. Dawa yake ni kuisukuma taya mbele kwa vidole bila kuikunja shingo, ambayo huenda nayo imeumia, na kufyonza damu na matapishi yaliyomo kinywani.

Hatua ya nne, ya kupima fahamu, hubeba jambo moja linalosahaulika kwa urahisi, nalo ni kupima sukari ya damu. Mtoto anayeletwa akiwa na degedege au akiwa amepoteza fahamu katika eneo lenye malaria hudhaniwa mara moja kuwa na malaria kali, na huenda ikawa kweli, lakini malaria hiyohiyo hushusha sukari, na mtoto aliyechomwa sindano ya artesuneti bila kupimwa sukari anaweza kufa kwa upungufu wa sukari huku vimelea vikizidi kupungua katika damu yake. Tone moja la damu kutoka kwenye ncha ya kidole hutosha kuzuia kifo hicho.

Kabla ya hatua hizo kuna uainishaji, yaani kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao badala ya kwa zamu ya kufika. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, na tangu hapo fani hiyo imekuwa ikikua nchini, lakini sehemu kubwa ya uainishaji bado hufanyika mahali pasipo na idara wala mashine, pale muuguzi anapopita mbele ya benchi la wagonjwa asubuhi na kutazama ni nani anapumua kwa shida, ni nani ameloa jasho la baridi na ni mtoto yupi amelegea mgongoni mwa mama yake kwa namna isiyo ya usingizi wa kawaida. Kutazama huko hakugharimu chochote, ila kunahitaji mtu anayejua anachokitafuta.

Zipo dharura mbili ambazo hazimpi muuguzi nafasi ya kwenda kufungua kitabu. Ya kwanza ni moyo kusimama, ambapo kifua cha mtu mzima hukandamizwa katikati kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na pumzi 2 hutolewa kila baada ya mikandamizo 30. Ya pili ni mzio mkali wa ghafla, yaani mwili kukataa dawa, chakula au sumu ya mdudu kwa kishindo kinachoziba njia ya hewa na kuporomosha shinikizo la damu. Tiba yake ya kwanza kwa mtu mzima ni adrenalini miligramu 0.5 inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, wala si dawa nyingine za mzio ambazo hufanya kazi polepole. Kwa kuwa mzio wa namna hii huweza kufuatia sindano yoyote ya antibayotiki, adrenalini inapaswa kuwa kwenye trei palepale sindano zinapochomwa, haipaswi kufungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake ameondoka nao mtu wa zamu iliyopita.

Damu baada ya kujifungua

Thamani ya maarifa yaliyohuishwa huonekana wazi zaidi katika tatizo la kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, ambalo kwa miaka mingi limefafanuliwa kuwa ni kupoteza mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24 za kwanza. Mara nyingi husababishwa na mfuko wa uzazi kushindwa kujikaza baada ya kondo la nyuma kutoka, mishipa iliyokuwa ikililisha kondo ikabaki wazi. Ugumu wa kwanza ni kuitambua hali hiyo mapema, kwa sababu damu hulowa kwenye khanga, pedi na shuka, nyingine humwagika sakafuni na kuchanganyika na maji ya uzazi, na makadirio ya macho, hata ya mkunga mzoefu, kwa kawaida huwa chini ya kiasi halisi.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuhusisha zaidi ya wanawake 200,000. Katika hospitali zilizofuata utaratibu mpya, mama alitandikiwa chini ya makalio plastiki maalumu yenye mfuko uliochorwa vipimo, ili damu ionekane kwa mililita badala ya kukisiwa. Kipimo kilipofika mililita 500, au mililita 300 zikiambatana na mapigo ya moyo, shinikizo la damu au dalili nyingine isiyo ya kawaida, hatua zote zilichukuliwa kwa pamoja: kuchua mfuko wa uzazi hadi ukaze, kutoa oksitosini, kutoa asidi ya traneksamiki ambayo husaidia damu kuganda, kuweka dripu, kukagua njia ya uzazi na kuita msaada. Tatizo liligunduliwa kwa asilimia 93 ya wanawake waliokuwa nalo, ilhali katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani liligunduliwa kwa asilimia 51 tu, na madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu hiyo au kufa kwa sababu yake, yalipungua kwa asilimia 60.

Dawa zilizotumika zilikuwa zikijulikana tangu zamani, na tofauti ilitokana na kupima, kuwahi na kutosubiri hatua moja ishindwe ndipo ya pili ianze. Asidi ya traneksamiki hutolewa gramu 1 kupitia mshipa ndani ya saa 3 baada ya kujifungua, na kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10. Oksitosini nayo huharibiwa na joto na inapaswa kutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, hivyo muuguzi anayekagua jokofu la dawa kila asubuhi na kuandika kipimo chake anashiriki kuzuia kifo cha mama ambaye bado hajafika kituoni.

Umakini wa namna hiyo unahitajika katika kifafa cha mimba, ambacho tiba yake ni magnesiamu salfeti. Dawa hii huokoa maisha, lakini ikizidi mwilini hulegeza misuli hadi ile ya kupumulia, na kwa hiyo kabla ya kila dozi ya kuendeleza tiba muuguzi anatakiwa kuhakikisha kwamba mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, kwamba goti lake bado linaruka likigongwa, na kwamba ametoa mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, ambayo hutengua sumu ya dawa hiyo, inapaswa kuwa karibu na kitanda. Vipimo hivyo vitatu visipoandikwa, muuguzi wa zamu inayofuata hana namna ya kujua kama dozi ijayo ni tiba au ni hatari.

Mkono na sindano

Historia ya maambukizi hospitalini ina somo moja ambalo kila muuguzi wa Afrika ya Kati na Mashariki anapaswa kulijua. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wauguzi walikuwa wakipewa mabomba matano ya sindano kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku hiyo, na kati ya mgonjwa mmoja na mwingine bomba lilisuuzwa tu kwenye maji ya uvuguvugu. Kwa njia hiyo virusi ambavyo baadaye viliitwa Ebola vilisambazwa na hospitali yenyewe. Watu 318 waliugua na 280 kati yao walikufa, wakiwamo 11 kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali hiyo. Watu wale walikuwa wakitoa huduma kwa moyo mwema, lakini moyo mwema bila maarifa ya kukinga maambukizi haukuwalinda wao wala wagonjwa wao.

Kutokana na matukio ya aina hiyo ulijengwa utaratibu wa tahadhari za kawaida, ambao msingi wake ni kumhesabu kila mgonjwa kuwa anaweza kuwa na maambukizi, bila kusubiri majibu ya maabara na bila kumpima mtu kwa sura au kabila lake. Tahadhari ya kwanza ni usafi wa mikono, ambao Shirika la Afya Duniani limeupangia nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka dripu, baada ya kuguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kunawa kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60, na kutumia kitakasa mikono chenye kileo huchukua sekunde 20 hadi 30. Glovu haziondoi ulazima huo, kwani mikono huchafuka wakati wa kuzivua, na muuguzi anayepita kitanda hadi kitanda na glovu zilezile hujilinda mwenyewe huku akiwagawia wagonjwa vimelea vya wenzao.

Tahadhari ya pili inahusu vitu vyenye ncha kali. Ajali nyingi za kujidunga hutokea pale muuguzi anapojaribu kurudishia kifuniko cha sindano iliyotumika, au anapolazimisha sindano nyingine kuingia kwenye boksi ambalo tayari limejaa. Ndiyo maana kanuni inataka sindano itupwe mara moja bila kufunikwa, na boksi lifungwe likifika robo tatu. Kwa mtu asiye na kinga, hatari ya kuambukizwa homa ya ini aina ya B kwa kudungwa na sindano yenye damu ya mgonjwa huweza kufika asilimia 30, ya aina ya C ni ndogo zaidi ya hapo, na ya virusi vya UKIMWI ni takriban asilimia 0.3. Anayejidunga anatakiwa kuosha jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, kutoa taarifa papo hapo na kuanza dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na kuzitumia kwa siku 28. Kuficha ajali kwa kuogopa kuonekana mzembe ni kujinyima tiba ambayo muda wake hauwezi kurudishwa.

Mkoa wa Kagera umeonyesha mara mbili kwa nini tahadhari hizi haziwezi kusubiri. Mlipuko wa virusi vya Marburg, vinavyosababisha homa kali na mara nyingi kutokwa damu, ulitangazwa huko Machi 21, 2023 na kumalizika Juni 2 mwaka huohuo, ukiwa na wagonjwa 9 waliothibitishwa au kudhaniwa kuwa nao na vifo 6. Mwingine ulitangazwa Januari 2025 katika wilaya ya Biharamulo. Dalili za mwanzo za ugonjwa huo, yaani homa, kichwa kuuma, kutapika na kuharisha, hufanana na za malaria na homa ya matumbo, kwa hiyo mgonjwa wa kwanza hufika kituoni akiwa hana alama yoyote ya kumtofautisha na wengine. Siku hiyo kinachomlinda muuguzi ni mazoea yake ya kila siku ya kunawa, kuvaa glovu na kutupa sindano ipasavyo, kwa kuwa vazi maalumu la kujikinga huvaliwa pale tu ugonjwa unaposhukiwa.

Sheria inataka nini

Tanzania ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ambayo inasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na inamtaka kila anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na awe na leseni hai. Baraza lina mamlaka ya kusikiliza malalamiko na kumchukulia hatua aliyekiuka maadili, hadi kumwondoa kwenye rejista. Mbali na Baraza, muuguzi anaweza kushtakiwa kwa madai ya fidia au kwa jinai, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu inalihesabu kuwa kosa tendo la kumtibu mtu kwa uzembe unaohatarisha maisha yake.

Katika madai ya uzembe, kwa mujibu wa misingi ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi kutoka sheria ya Uingereza, mlalamikaji hutakiwa kuthibitisha mambo manne: kwamba mhudumu alikuwa na wajibu wa kumwangalia, kwamba aliuvunja wajibu huo kwa kutoa huduma iliyo chini ya kiwango, kwamba mgonjwa alipata madhara, na kwamba madhara hayo yalitokana na uvunjaji huo. Kiwango kinachotumika ni cha mtaalamu wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi ile, wala si cha bingwa, kama ilivyoelezwa katika kesi ya Bolam iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1957. Muuguzi hahukumiwi kwa sababu mgonjwa amekufa, bali kwa sababu alijua au alipaswa kujua la kufanya na hakulifanya. Ni hapa ambapo maarifa ya dharura na ya maambukizi hugeuka kuwa suala la kisheria, kwa sababu muuguzi aliyeacha kuhuisha maarifa yake bado hupimwa kwa kiwango cha wenzake waliohuisha.

Jambo linalowatatiza wengi ni majeruhi anayefika bila fomu ya polisi namba 3, maarufu kwa jina la PF3. Fomu hiyo ina kazi yake katika upelelezi na ushahidi, lakini haipaswi kutangulizwa mbele ya uhai, na njia iliyo sahihi ni kumhudumia majeruhi kwanza, kuandika majeraha yake kama yalivyo, kutunza nguo zake zinazoweza kuwa ushahidi, na kuacha fomu ifuate. Kenya imeliweka jambo hilo katika Katiba yake ya mwaka 2010, ambayo ibara ya 43 inasema kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Vilevile ridhaa, yaani kukubali kwa mgonjwa baada ya kuelezwa anachofanyiwa na hatari zake, ni lazima kabla ya huduma, isipokuwa pale ambapo hana fahamu, hakuna wa kumsemea, na kuchelewa kungemuua.

Usiri nao una sheria zake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda majibu ya vipimo vya virusi hivyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Picha ya mgonjwa iliyopigwa kwa simu wodini na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa nia ya kuomba ushauri, inaweza kumwingiza aliyeituma katika makosa ya kimaadili na ya kisheria kwa pamoja.

Kinga kubwa kuliko zote ni kumbukumbu, kwani wenye kazi hii husema kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Maelezo mazuri hutaja saa, kipimo kilichoonekana, hatua iliyochukuliwa, aliyeitwa na saa aliyoitwa, na hali ya mgonjwa baada ya hapo. Kosa la maandishi hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maneno ya awali yakisomeka, kisha husainiwa. Sentensi isemayo kwamba saa 8:10 usiku mapigo ya moyo yalikuwa 128, shinikizo la damu 80 kwa 50, na daktari alipigiwa simu saa 8:12, ina uzito kuliko ukurasa mzima unaosema kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Maarifa huchakaa, na dawa yake inajulikana

Tanzania ina ushahidi wake kuhusu namna ujuzi unavyopotea na unavyorudishwa. Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua ndani ya dakika ya kwanza, yaliyoanza kutolewa nchini mwaka 2009, yalifuatiliwa katika hospitali 8, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hata hivyo, watafiti katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walibaini kwamba mafunzo ya siku moja yaliboresha ufanisi wa wahudumu mbele ya mwanasesere wa mazoezi lakini hayakubadilisha walichokifanya kwa watoto halisi chumbani. Hospitali hiyo ilipoanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, vifo vya siku ya kwanza vilipungua. Mpango wa Safer Births, uliotumia njia hiyohiyo katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ulichapisha matokeo yake mwaka 2025 yakionyesha kupungua kwa vifo vya akina mama na vya watoto wachanga.

Hukumu inayotokana na ushahidi huo iko wazi. Semina ya hotelini mara moja kwa mwaka, yenye cheti na posho, haitoshi kumweka muuguzi tayari, ilhali dakika 10 za mazoezi mwanzoni mwa zamu, kwa mwanasesere, trei ya dharura na kitabu cha miongozo, zinaweza kumweka tayari. Waajiri, wawe Serikali, mashirika ya dini au wenye hospitali binafsi, wana wajibu wa kuzitenga dakika hizo, kuhakikisha kwamba glovu, sabuni, maji na adrenalini havikosekani, na kuajiri wauguzi wa kutosha, kwa sababu muuguzi mmoja anayeachiwa wodi nzima usiku hawezi kutimiza kiwango ambacho sheria inamdai hata kama anakijua kwa ghibu. Muuguzi naye ana wajibu wa kusoma miongozo mipya inapotoka, kukubali kusahihishwa na wenzake, na kusema wazi pale asipojua. Wananchi, kwa upande wao, wasione vibaya kumuuliza muuguzi kama amenawa mikono kabla hajamgusa mgonjwa wao, na muuguzi anayeijua kazi yake alipokee swali hilo kwa heshima, kwa kuwa wote wawili wanautetea uhai wa mtu mmoja.